Upana wa Kidole Kidogo

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, Sotvoldi alipewa muda hadi Alhamisi. Aliyempa muda huo aliitwa Inomjon, msimamizi wa kiwanda kipya cha hariri kilichojengwa kwenye barabara itokayo Margilan kwenda Ferghana, na alitaka jibu la neno moja. Mshahara ungekuwa karibu maradufu ya ule aliokuwa akiupata. Kazi ingekuwa ileile aliyoifanya kwa miaka thelathini na mmoja katika karakana ya marehemu Hoshimjon: kufunga mafungu ya nyuzi za hariri kabla hayajatiwa rangi, ili rangi iingie inapotakiwa na izuiwe isipotakiwa.

"Fundi, mimi sikuharakishi," Inomjon alimwambia kwenye simu. "Ila Ijumaa naanza kumtafuta mwingine."

Sotvoldi alijibu kwamba amesikia, akamtakia heri mama yake Inomjon, kisha akarudisha simu mfukoni. Alikuwa mtu asiyependa kuhamahama. Alikuwa ameoa mara moja, amejenga nyumba moja, na viatu vyake vya kazini alikuwa amevibadilisha soli mara nne. Hata hivyo, usiku ule alimwambia mkewe habari hiyo kwa sauti ya mtu ambaye ameshaamua nusu, na mkewe, aliyemfahamu, hakumuuliza kitu. Alimmiminia chai tu, akairudisha birikani mara tatu kama desturi ya kwao inavyotaka, akasema kwamba tangu majira ya kuchipua amekuwa akirudi nyumbani kama mtu anayetoka kituo cha polisi kutoa maelezo.

Maneno hayo yalikuwa kweli. Enzi za Hoshimjon, karakana nzima ilikuwa ukumbi mmoja mrefu. Mchoraji alipiga mistari ya mkaa juu ya nyuzi zilizotandazwa, Sotvoldi alifunga; hatua kumi na tano kutoka kwake, mtia rangi Mamasoli alichovya katika sufuria kubwa ya rangi nyekundu, mafungu yakarudi kwa Sotvoldi, akafunga upya palipokwisha kuwa pekundu, yakaenda kwenye mapipa ya nili, yaani rangi ya buluu, mwisho yakafika kwa wafumaji. Mtu akikohoa kwenye nili, wa kwenye mitambo ya kufumia alimtakia afya. Na kila Alhamisi kulikuwa na pilau ya pamoja. Wanaume walipika kwa zamu, na Hoshimjon alikuwa na sheria moja kuhusu sinia: watu wa kazi moja wasikae sinia moja. Mfungaji alikula na mtia rangi, mfumaji na mchoraji. Katika sinia hizo ndipo ugomvi wote wa wiki ulipomalizwa, kwa sababu ni vigumu kumnunia mtu ambaye kijiko chake kinagonga kijiko chako.

Hoshimjon alifariki miaka miwili iliyopita, na karakana ikawa ya binti yake, Mavluda. Haki isemwe: Mavluda hakuwa mwanamke mbaya wala mlafi. Alikuwa na miaka thelathini na minne, alisomea uendeshaji wa viwanda Tashkent, na alirithi wateja waliochoka kusubiri pamoja na wafumaji watatu waliokuwa wameshaaga. Alifika kazini kabla ya mlinzi. Aliona ukumbi uliojaa mazungumzo akahesabu mazungumzo hayo kuwa saa zilizopotea. Hivyo akajenga kuta za matofali, akaweka milango yenye kufuli, na kila idara ikawa na chumba chake, saa yake ya kula na kadi yake. Fungu liliposafiri kutoka chumba kimoja kwenda kingine, lilisafiri na kadi iliyoandikwa idara, tarehe na kipimo. Majina ya watu hayakuandikwa, kwa maana alitaka kazi itegemee utaratibu, isimtegemee mtu. Ufungaji wa pili aliuondoa mikononi mwa Sotvoldi, akaupeleka chumba kingine kwa wanawake wanne chini ya Odina, waliofunga kwa kufuata karatasi ya mchoro. Pilau ya Alhamisi aliifuta, kwani mitambo ilikuwa ikilala saa moja na nusu.

Mambo yakaenda haraka zaidi, na hilo nalo lazima lisemwe.

Sotvoldi hakulalamika. Alifunga, akajaza kadi, akapitisha mafungu kwenye dirisha dogo la ukutani, ambako mikono ya mtu asiyemwona iliyapokea. Yeye na Mamasoli walionana langoni tu, jioni, na mara nyingi Mamasoli alikuwa na haraka. Sotvoldi alipomuuliza sufuria inaendeleaje, alijibu, "Inachemka, kaka, inachemka," akapanda baiskeli.

Jumatano asubuhi, siku moja kabla ya muda wa Inomjon kwisha, mlango wa chumba cha Sotvoldi ulifunguliwa kwa nje na akaambiwa anaitwa ukumbi wa wafumaji.

Pale palikuwa na mtande mpya wa nyuzi za urefu uliofungwa kwenye mtambo tangu alfajiri, wa kitambaa cha majoho arobaini ya harusi kwa mteja wa Kokand. Kitambaa cha upana wa vidole viwili kilikuwa kimeshafumwa. Sotvoldi alisogea kutazama. Kila mahali wingu jekundu lilipopaswa kukutana na wingu la buluu, katikati pamebaki mstari mweupe, upana wa kidole kidogo, mkavu na mkali kama mfupa. Haikuwa sehemu moja. Mtande wote, mita mia mbili, ulikuwa hivyo.

Mavluda alisimama kando ya mtambo akiwa na karatasi mkononi. Karibu naye alisimama Odina, mikono kaikunja kifuani, na kijana mmoja, mrefu, mwenye mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Sotvoldi hakumfahamu.

"Huyu ni Ergash," Mavluda alisema alipoona anavyomtazama. "Yuko kwenye sufuria ya nyekundu tangu mwezi wa nane. Mitande iliyotangulia ilitiwa rangi kabla hajaja; huu ndio wake wa kwanza kufumwa."

Sotvoldi alimwangalia Ergash, kisha mikono yake, kisha mstari mweupe. Mara moja alielewa jambo zima, na hakuna mwingine chumbani aliyelielewa.

"Na Mamasoli?" aliuliza.

"Nilimhamishia kwenye nili. Alikuwa anaziacha nyuzi kwenye sufuria dakika saba zaidi ya kipimo, kila fungu, kila siku. Nilimwonya mara mbili, ami. Hakubadilika."

Basi ndiyo maana ya ile haraka langoni. Mamasoli aliyekuwa bwana wa rangi nyekundu kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameondolewa kwenye sufuria yake, na aliona aibu kumwambia rafiki yake.

Mavluda alieleza alichokwisha kukichunguza. Mchoro ulikuwa sahihi. Kadi ya ufungaji ilisema mafungu yamefungwa kwa kufuata mstari wa mkaa. Kadi ya ufungaji wa pili ilikubaliana na karatasi. Kamba za ufungaji wa kwanza zilikwisha kukatwa na kutupwa, kama kawaida, hivyo hazikuwepo za kupima. Ilibaki nyekundu. Nyekundu haikufika kwenye mstari, na mtu wa nyekundu alikuwa na miezi miwili tu ya kazi. Karatasi aliyoishika ilikuwa fomu ya kasoro, na fomu hiyo ilikuwa na nafasi ya idara moja.

"Nilichovya kama nilivyofundishwa hapa," Ergash alisema taratibu. "Dakika zangu zote zimeandikwa. Sijui imekuwaje, dada. Kama ni mimi, basi sijui nimekosea wapi, na hilo ndilo linaloniumiza."

Alisema hivyo bila kujitetea sana, na Sotvoldi akajua kwamba mtu huyu atafukuzwa kabla ya adhuhuri, na kwamba ataondoka akiamini hajui kazi.

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Kadi yake ilikuwa safi, na kesho angempa Inomjon neno lake moja, naye angekuwa upande wa pili wa mji kabla mtu yeyote hajafikiri kumuuliza. Isitoshe, alichokificha hakikuwa chake peke yake. Kwa miaka mingi alikuwa amekificha kwa ajili ya heshima ya mtu mwingine. Kukisema mbele ya Mavluda kulikuwa sawa na kumvua Mamasoli kofia hadharani.

Lakini alimwona Ergash akiificha mikono yake nyuma ya mgongo, kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa kwa kosa la mwenzake. Sotvoldi alikuwa na mambo machache asiyoweza kuyavumilia, na hilo lilikuwa mojawapo.

"Kosa ni langu," alisema. "Sikufunga kwenye mstari."

Mavluda alimgeukia.

"Nilifunga nje ya mstari kidole kimoja, ndani ya sehemu ya nyekundu. Huwa nafunga hivyo siku zote. Mkono wa Mamasoli ni mzito, mwanangu. Anaacha hariri inakaa, rangi inapenya chini ya kamba. Nisingemwachia nafasi hiyo, nyekundu yake ingeingia kwenye buluu. Kwa hiyo nilimfungia yeye. Sikuufungia mstari. Na hakuna aliyeniambia kwamba Mamasoli hayupo."

"Miaka mingapi?"

"Ishirini. Labda na zaidi."

"Na yeye anajua?"

"Hajui. Ningemwambiaje mtu kwamba mkono wake mzito? Nilikuwa nakula naye sinia moja."

Mavluda alienda mlangoni. Alimtuma mtu kwenye nili. Mamasoli alikuja akijifuta kwenye aproni, mikono yake buluu kama ya mtu aliyezama, na alipomwona Sotvoldi aliangalia chini. Mavluda alimweleza yote bila kuongeza chumvi: kamba, kidole, miaka ishirini. Sotvoldi alitazama mtambo. Alijiandaa kwa hasira.

Mamasoli aliinama, akauangalia mstari mweupe kwa muda mrefu, akaupima kwa kidole chake kidogo cha buluu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Sotvoldi alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Wewe bwana," alisema. "Wewe bwana mkubwa. Mimi huwa naziacha dakika saba kwa sababu yako."

"Yangu?"

"Kamba zako ni pana. Toka zamani ni pana. Nilikuwa najisemea, Sotvoldi macho yameanza kufifia, anapitiliza mstari, nikizitoa kwa wakati patabaki peupe na marehemu atamfokea. Basi nikawa naziacha. Dakika saba, rangi inapenya mpaka kwenye mkaa. Ningekwambiaje kwamba huoni? Nilikuwa nakula na wewe sinia moja."

Odina alikuwa wa kwanza kucheka, kisha wafumaji, na mwisho hata Ergash, kwa uangalifu, kama mtu asiyejua kama karamu hiyo naye amealikwa. Sotvoldi hakucheka mara moja. Alikuwa anajaribu kukumbuka, katika miaka yote ile, ni nani aliyeanza. Je, alifunga nje ya mstari kwa sababu rangi ilipenya, au rangi ilipenya kwa sababu alifunga nje ya mstari? Alimuuliza Mamasoli. Mamasoli naye hakukumbuka.

"Na nilipokuonya," Mavluda alimwambia Mamasoli, "kwa nini hukunieleza?"

"Nikuambie nini, binti? Kwamba Sotvoldi ni kipofu? Ungemfukuza. Afadhali uniweke kwenye nili."

Mavluda alimgeukia Odina, na sauti yake haikuwa tena ya mkurugenzi, ilikuwa ya mtu anayeuliza kwa sababu anataka kujua.

"Dada Odina, haya mafungu yalipita mezani kwako kabla ya nili. Hukuona peupe?"

"Niliona."

"Ukafunga hivyohivyo?"

"Karatasi ilisema nifunge pale." Odina alinyanyua mabega. "Zamani ningepiga kelele mpaka nje wasikie. Sasa ningemwambia nani? Ukuta? Dirishani nikaona mkono umepokea, nikasema, haya, si idara yangu. Na nilirudi nyumbani siku hiyo nikala vizuri tu, Mungu anisamehe. Hilo ndilo baya, mwanangu. Nililala vizuri."

Mavluda aliitazama fomu yenye nafasi ya idara moja. Aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akamwomba Sotvoldi amfuate ofisini.

Ofisi ilikuwa ileile ya baba yake, na kiti cha mgeni kilikuwa bado kinayumba. Mavluda alisema kwamba mteja wa Kokand atasubiri hadi tarehe ishirini na tano, si zaidi, amekwisha kumpigia. Mtande utarudiwa mwanzo. Hakusema pole, wala Sotvoldi hakuitarajia. Kisha akauliza kama kuna jambo jingine ambalo hajaambiwa, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa inaelekea kuwa siku ya kuambiwa.

Sotvoldi alimwambia habari ya Inomjon. Hakupunguza wala hakuongeza.

"Siwezi kukulipa hivyo, ami," Mavluda alisema. "Nikikulipa wewe, lazima niwalipe wote, na sina."

"Sijakuomba."

"Sasa unanieleza ili iweje?"

Lilikuwa swali la haki, na Sotvoldi alilifikiria kama alivyofikiria kila kitu, polepole. Alimwambia kwamba siku ya Jumatatu alikuwa ameshaamua nusu kuondoka, na kwamba alijiona mtu mwovu kwa hilo, kwa sababu baba yake Mavluda ndiye aliyempa kazi akiwa hana hata baiskeli. Lakini alipojichunguza aligundua kwamba hakuna kitu anachokiacha. Kile kiwanda cha barabarani kina chumba, kadi na dirisha. Hapa napo pana chumba, kadi na dirisha. Kama ni vyumba vinavyofanana, mtu ataenda panapolipa zaidi, na hakuna wa kumlaumu.

"Baba yako nilimpenda," alisema. "Lakini si yeye aliyenifanya nije kazini hata nikiwa na homa. Nilikuja na homa kwa sababu Mamasoli alikuwa na sufuria motoni, na nisipofunga, yeye anachovya nini? Nikidhani ni karakana ninayoitumikia, kumbe ni yule. Na yule ndiye karakana. Sijui kulisema vizuri zaidi ya hapo."

Nje, mtambo mmoja ulianza kugonga, ukasimama.

"Nilitaka kazi isimtegemee mtu," alisema. "Watu wanakufa, ami. Baba amekufa na nusu ya mambo yake hayakuandikwa popote. Mwaka mzima nilikuwa natafuta vitu vilivyokuwa kichwani mwake."

Hapo Sotvoldi alimwona upya. Hakuwa amejenga kuta kwa kiburi. Alizijenga kama mtu anayefunga madirisha baada ya msiba.

"Basi tuandike," alimwambia. "Kidole tukiandike, dakika tuziandike, na majina tuyaandike. Mimi si mkaidi. Ila kufuli zitoke. Na Alhamisi tule."

"Nusu saa."

"Pilau ya nusu saa ni uji, mwanangu."

"Dakika arobaini na tano, na mitambo miwili iendelee."

"Saa moja. Wa mitambo miwili wapakuliwe kwanza."

Mavluda alivuta pumzi, akafungua droo, akatoa rundo la funguo. Hakumkabidhi. Alitoka nazo mwenyewe, akapita mlango hadi mlango, na kila kufuli aliyoifungua aliitia ndani ya ndoo ya mchanga iliyowekwa kwa ajili ya kuzima moto. Kuta zilibaki. Matofali yalikuwa yamegharimu, na Mavluda hakuwa mtu wa kubomoa mwezi wa Oktoba alichokijenga mwezi wa Aprili.

Alhamisi saa tano, karoti zikiwa zinakaangwa uani, mtande mpya ulikuwa umetandazwa na mistari ya mkaa imeshapigwa. Simu ya Sotvoldi iliita. Alienda nayo kando ya dirisha. Alimwambia Inomjon kwamba anamshukuru, na kwamba jibu ni hapana. Inomjon aliuliza kama ni suala la mshahara, maana unaweza kuongezwa kidogo.

"Si hilo, mdogo wangu. Nikifunga kwako, nitakuwa namfungia nani?"

Inomjon alisema wana watia rangi wazuri, wawili kutoka Namangan. Sotvoldi alisema hana shaka nao, akamtakia heri mama yake.

Aliporudi, wote watatu walikuwa wanamngoja kwenye mtande: Mamasoli, ambaye sasa alikuwa amepewa sufuria pamoja na Ergash, Ergash mwenyewe, akiwa na kalamu na karatasi, na Odina, aliyekuwa amekuja bila kuitwa na kusema kwamba safari hii lazima ashuhudie kwa macho yake.

"Haya," Mamasoli alisema, "tufungeje? Ukifunga kwenye mstari nami nikitoa kwa wakati, kila mtu atakuwa sahihi kama kitabu."

"Tutapata mstari uliokatwa kwa wembe," Odina alisema. "Kitambaa chetu hakijawahi kuwa hivyo. Kingo zetu zina moshi. Watu wa Kokand wanakuja kwa sababu ya ule moshi."

Sotvoldi hakuwa amelifikiria hilo. Aliwaza juu ya majoho yote yaliyotoka pale kwa miaka ishirini, kila moja na ukingo wake uliofifia taratibu kutoka nyekundu kuingia buluu, na jinsi wateja walivyosifu ukingo huo, na jinsi Hoshimjon alivyopokea sifa bila kujua zinatoka wapi. Zilitoka kwenye adabu ya watu wawili walioogopa kuaibishana.

"Tunafunga nje," aliamua. "Kidole kidogo. Na dakika saba juu ya kipimo. Andika, Ergash."

Ergash aliandika. Kisha akainua kichwa.

"Fundi, kidole cha nani? Chako au cha Kaka Mamasoli? Chake ni kinene."

Wazee wawili walitazamana, wakanyoosha vidole vyao vidogo, kimoja kikavu na kimoja bado cha buluu, wakaviweka ubavu kwa ubavu juu ya mstari wa mkaa. Ilikuwa kweli. Cha Mamasoli kilikuwa kinene. Odina aliinama kuamua, na uani mtu akapiga kelele kwamba mchele umeshaiva, na kwamba asiyekuja sasa atakula ukoko.